UTUNZAJI WA MIKROTONI NYUMBANI, PAMOJA NA HABARI YA MAJI YALIYOTUAMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imenitaka nieleze habari ya kutunza nyumbani mimea yenye majani ya rangi, na hasa ule mmoja ambao wauza miche wa kando ya barabara huuita krotoni. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana wengi wetu tukaao viungani mwa mji, Kinondoni, Tandale, Temeke, Mbagala na kwingineko, hatuna shamba wala kiwanja kipana. Tulicho nacho ni baraza, dirisha moja, na pengine hatua tatu za mchanga mbele ya mlango. Mti huu hautaki zaidi ya hayo. Nami nitauita mkrotoni, na ikiwa mingi mikrotoni, kwa kufuata desturi ya lugha yetu katika kutaja miti. Sioni sababu ya kuuacha nje ya sarufi ilhali umekwisha ingia uani.

Nitataja mambo mengi madogo madogo. Lililo kubwa ni moja, nami nalisema tangu sasa ili yule atakayesinzia baada ya chakula asilikose: mkrotoni wa nyumbani aghalabu hauuawi na kiu, bali huuawa na maji yaliyotuama chini yake, na maji yayo hayo ndiyo yawezayo kumlaza kitandani mwenye nyumba pamoja na watoto wake.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Asili yake ni visiwa vya mashariki ya mbali, tangu Malaysia na Indonesia mpaka visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Umo katika visiwa vya Maluku, ndivyo vile vilivyoupa ulimwengu karafuu. Basi mtu wa Unguja au Pemba akiuona mkrotoni umesimama kando ya mkarafuu na ajue kwamba hao ni majirani wa zamani waliokutana ugenini. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliuandika katika kitabu chake cha mimea akauweka katika kabila la Croton. Wataalamu waliomfuata waliuhamisha wakauita Codiaeum, lakini wauza miche hawakuhama nao, na jina la kwanza limeushika hata leo.

Lenye faida kwetu zaidi ya majina hayo ni kuujua ukoo wake. Mkrotoni umo katika jamaa moja na muhogo, mbarika na mnyaa. Kwa hiyo mtu aliyepata kupanda muhogo amekwisha jua nusu ya kazi. Hatupandi mbegu, kwa kuwa mche uliotoka katika mbegu mara nyingi haufanani na mama yake. Twakata kijiti tukakitia ardhini, nacho kikaleta rangi ile ile tuliyoipenda. Chagua tawi lililo nene kama kalamu ya risasi, ulikate kwa kisu kikali chini ya kifundo, urefu wake uwe shibiri moja. Ondoa majani ya chini, acha matatu au manne ya juu, na kama ni mapana mno yakate nusu ili yasipoteze maji upesi. Utomvu utakapokoma kutoka, chomeka kijiti katika kopo lenye mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagika, ukaliweke kivulini. Wakati ulio bora ni mwanzo wa masika, hewa inapokuwa na unyevu. Mizizi hutoka kwa muda wa wiki nne hata sita. Usikivute kijiti kila asubuhi kutazama kama kimeota. Watoto wa nyumbani wataifanya kazi hiyo bila ya wewe kuwasaidia.

Sifa hii ya kuota kwa kijiti yafaa sana kwa watu wa kazi yetu. Karani leo yupo Temeke, kesho barua ya uhamisho imemfika aende Tabora. Kabati haliingii katika basi ila kwa gharama, na mti uliopandwa ardhini ni mali ya mwenye nyumba. Lakini vijiti vitano vilivyofungwa katika kitambaa kibichi, na juu yake jani la mgomba, huvumilia safari ya siku mbili pasipo taabu. Neno moja la tahadhari kwa watakaopelekwa Njombe au Mbeya: mti huu ni wa nchi ya joto, nao baridi ya huko katika miezi ya Juni na Julai huupukutisha majani. Huko heri mtu apande masale, ambayo ndugu zetu Wachaga tangu kale huyatumia kuwa alama ya mpaka wa kihamba na ya kuombana radhi baada ya ugomvi. Hayo nayo ni majani mazuri, na mengine yana mistari ya manjano.

Sasa nije katika nuru. Watu wengi hununua mkrotoni wenye majani mekundu na manjano, wakauweka pembeni mwa chumba karibu na redio, na baada ya miezi miwili wanalalamika kwamba wameuziwa mti wa uongo, maana majani mapya yamekuwa ya kijani matupu. Hawakudanganywa. Ukijani ule ndio jiko la mmea, ndimo upikiwapo chakula chake kwa nuru ya jua. Nuru ikiwa haba, mmea huzidisha majiko ili upate riziki yake, na zile rangi nyingine hufifia. Mkrotoni unaopata jua la asubuhi kwa saa nne au tano hurudisha rangi zake, lakini katika majani yatakayochipuka baadaye. Yaliyokwisha kuwa kijani hayarudi. Wala usiutoe mti chumbani ukautie juani siku hiyo hiyo, kwani majani yataungua. Usogeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Nao ukihamishwa ghafula hudondosha majani kwa kuudhika. Usiukatie tamaa wala usiuongezee maji kwa huruma.

Juu ya dirisha, iweni na habari kwamba Dar es Salaam iko kusini ya ikweta kwa kadiri ya digrii saba. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huelemea upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huelemea upande wa kusini. Dirisha lililokuwa na jua wakati wa kusi huenda likawa na kivuli wakati wa kaskazi. Dirisha la mashariki halina matata hayo, lakini mpangaji hachagui dirisha. Basi ahamishe kopo.

Katika habari ya udongo sitakawia. Mchanga wa viunga vyetu hupitisha maji vizuri lakini hauna chakula. Changanya mafungu mawili ya mchanga, fungu moja la udongo mweusi, na fungu moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Makumbi kidogo yakichanganywa humo hufanya udongo usishikamane. Debe, ndoo ya plastiki iliyopasuka, kopo kubwa la maziwa, vyote vyafaa, mradi viwe na matundu chini, matano au sita, yaliyotobolewa kwa msumari mnene. Tundu moja la katikati halitoshi kwa sababu huzibwa na mzizi mmoja tu.

Hapa tumefika kwenye maji. Mizizi huvuta pumzi kama sisi. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo za hewa, na maji yakizijaza mchana na usiku, mizizi hukosa pumzi na kuanza kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, basi majani hulegea. Naye mwenye mti akiona majani yamelegea hudhani ni kiu, akaongeza maji. Hivyo ndivyo mikrotoni mingi inavyozikwa na watu waipendao. Kuna njia ya kupambanua. Mti wenye kiu hulegeza majani yote mchana wa jua kali, nao ukinyweshwa jioni, asubuhi umesimama. Mti uliozidiwa na maji hugeuza manjano majani ya chini, yakaanguka moja moja. Udongo wake hunuka, na shina likibonyezwa karibu na ardhi ni laini. Dawa ya huo wa pili ni kuutoa katika kopo, kukata mizizi myeusi, kuupanda upya katika mchanganyiko mkavu, na kuuacha. Kama shina lote limelainika, kata vijiti vya juu vilivyo vizima uanze upya.

Kipimo cha kunywesha si kalenda bali ni kidole. Kitie udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na ubichi, ngoja. Kikitoka kikavu, mimina maji mpaka yatoke katika matundu ya chini, kisha basi. Wakati wa masika mkrotoni uliopo nje hauhitaji hata kikombe. Katika miezi mikavu ya kusi huenda ukahitaji kila baada ya siku mbili au tatu. Tena, visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvi, na chumvi ikikusanyika katika kopo huunguza ncha za majani zikawa za rangi ya kahawia. Asiye na maji mengine amimine mengi kwa mara moja, yapite na kuiosha chumvi itoke chini, kisha ayamwage mbali.

Nasema ayamwage, maana desturi iliyoenea ni kuweka sahani au kifuniko cha ndoo chini ya kopo ili sakafu isichafuke, na maji yakisalia humo mtu huyaacha, akidhani ameuwekea mti akiba. Akiba hiyo ni ya mbu. Wala si mbu wa malaria, ambaye aghalabu huuma usiku, bali ni yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, aitwaye Aedes aegypti, aumaye mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuchwa. Huyu hapendi mto wala ziwa. Apendalo ni chombo kidogo cha maji safi karibu na watu: sahani ya ua, kopo, kifuu cha nazi, pipa lisilofunikwa. Ndiye aenezaye homa ya dengue.

Maradhi hayo si mageni katika pwani hii, na lugha yetu ina jina lake: kidingapopo. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu Unguja, aliandika habari za homa iliyoenea kisiwani mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita hivyo, na wazee wakamwambia kwamba iliwahi kuwafikia mwaka 1823. Wako wataalamu wa siku hizi wanaodhani kwamba maradhi ya 1870 yalikuwa chikungunya na si dengue. Chikungunya nayo ni jina la kwetu, kutoka Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana, lililotolewa kwa homa iliyozuka katika nyanda za Newala mwaka 1952. Kwa shughuli yetu ya leo hitilafu hiyo haibadili kitu, kwa kuwa maradhi yote mawili huchukuliwa na mbu huyo huyo.

Wengi mliopo hapa mnaukumbuka mwaka 2014. Tangu mwanzo wa mwaka ule, na zaidi katika masika, kidingapopo kiliingia Dar es Salaam. Wagonjwa waliothibitishwa walizidi 1,000, na wengine wakafariki. Wilaya iliyopatwa zaidi ilikuwa Kinondoni, ambayo siku hizo ilikuwa haijatengwa na Ubungo. Mwaka 2019 maradhi yalirudi tena. Mgonjwa hushikwa na homa kali ya ghafula, kichwa humwuma nyuma ya macho, na viungo humwuma kama aliyepigwa. Hakuna dawa mahsusi ya kuviua virusi vyake. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa vinywaji kwa wingi, na hupewa paracetamol. Asipewe aspirini wala dawa za jamii yake, kwa sababu huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Tena si kila homa ni malaria, akapimwe. Na homa ikishuka lakini tumbo likamwuma sana, au akatapika mfululizo, au damu ikamtoka puani au katika fizi, apelekwe hospitali saa ile ile, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Sasa sikilizeni tabia ya mbu huyu, kwa maana wengi hukosea hapa. Hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mpaka wa maji, na mayai hushikamana kama rangi. Maji yakikauka hayafi. Yaweza kungoja kwa miezi, na siku mvua ijapo yakapata maji yakaangua. Kwa hiyo mtu akimwaga maji ya sahani na kuirudisha pale pale, amewatupa viluwiluwi lakini ameyaacha mayai. Sahani yataka kusuguliwa kwa brashi au kwa mchanga, ukingoni na ndani. Na kwa kuwa tangu yai kuanguliwa hata mbu kuruka hupita kadiri ya siku saba hata kumi, kazi hii ni ya kila wiki. Tangu Desemba 2015, sikukuu ya Uhuru ilipofanywa kuwa siku ya usafi, tumezoea kusikia habari za usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni jambo jema, lakini katika mwezi mmoja mbu amekwisha pata wana na wajukuu.

Asiyeweza kusugua kila wiki na aijaze sahani mchanga mpaka ukingoni. Mchanga utafyonza maji yatokayo katika kopo, sakafu haitachafuka, na mbu hatapata uso wa maji wa kutagia. Njia iliyo bora kupita hiyo ni kutokuwa na sahani kabisa: simamisha kopo juu ya matofali mawili, maji yashukie mchangani. Mizizi itapata hewa, nawe utalala.

Kuna jambo la matairi. Nimeyaona katika nyua nyingi, yamekatwa kwa ufundi na kupakwa rangi nyeupe na buluu, mikrotoni imepandwa katikati. Yapendeza kuyatazama. Lakini tairi lina mfuko wa ndani pande zote, na mvua ikinyesha maji hukaa humo gizani, mahali pa mbu pasipofikiwa na mkono wala jua. Alipendaye tairi lake alitoboe matundu kila shibiri moja katika upande wa chini, au ajaze udongo mpaka ndani ya mfuko usibaki wazi. Asipoweza, mimi kwa rai yangu nasema alitupe.

Bibi mmoja ameniuliza kama si afadhali kuyaondoa maua yote tukawa salama. Jibu langu ni kwamba sivyo. Mkrotoni katika udongo uliopitisha maji hauzai mbu hata mmoja. Pipa la maji lisilofunikwa huzaa wengi zaidi kuliko sahani kumi, na hakuna asemaye tusiweke maji, twasema tufunike. Taabu iliyo kubwa ni ya nyumba zetu za kupanga. Vyumba ni sita, wapangaji sita, na ua ni mmoja. Kilicho cha wote hakisuguliwi na mtu. Mbu huyu haruki mbali, mara nyingi hapiti hatua mia chache kutoka alipozaliwa, kwa hiyo akuumaye ni wa kwako au wa jirani yako, na kulaumiana hakumzuii. Katika nyumba ninayoifahamu wapangaji walikubaliana kwamba anayefagia ua kwa zamu yake ya Jumapili ndiye apinduaye na kusugua kila chombo, awe ni mwenye chombo au sivyo, na mwenye chombo haruhusiwi kununa. Mapatano hayo hayakuhitaji fedha wala barua kwa mwenye nyumba.

Nimalizie yaliyosalia. Mkrotoni hushambuliwa na wadudu weupe kama unga wa pamba, wakaao katika makwapa ya majani. Sisimizi huwalinda kwa sababu hulamba utamu wao. Ukiona safu ya sisimizi shinani, kawatafute. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, chini na juu ya jani, urudie baada ya siku saba. Utandu kama wa buibui chini ya majani wakati wa kiangazi ni kazi ya utitiri. Hao huchukia kuoshwa kwa maji.

Utomvu wa mkrotoni huwasha ngozi ya watu wengine, na ukidondokea shati jeupe la kazini doa lake halitoki kwa sabuni yoyote. Kata miti kabla ya kuvaa. Mtoto asiachiwe kutafuna majani yake. Walakini yako majani mengine ya rangi ya kuogopwa zaidi, nayo huuzwa pamoja na mikrotoni: yale mapana ya umbo la moyo yenye waridi au weupe katikati, na yale marefu ya kijani yenye mabaka meupe juu ya shina nene. Hayo ni jamaa ya magimbi, nanyi mwajua gimbi bichi linavyowasha kinywa. Yana chembe kali kama sindano. Mtoto akiyatafuna ulimi huvimba. Mwoshe kinywa kwa maji, umpe maziwa baridi, na akishindwa kumeza au kuvuta pumzi mpelekeni hospitali mara moja. Kwenye watoto watambaao, mimea hiyo iwekwe juu wasipofika.

Vipandikizi nilivyovileta vimefungwa katika gunia bichi karibu na meza ya Mtunza Hazina. Kila mwanachama achukue viwili. Vyenye majani membamba ya manjano vipandwe leo hii kabla ya jua kuchwa. Vile vyekundu vyenye shina nene vyaweza kungoja hata kesho asubuhi.